UZI: Kuanza kuandika LinkedIn ukiwa mtu wa kazi, si mtu wa maneno (Nakuru, Kisumu na Magharibi tukutane hapa)

MlinziWaGhala (Nakuru)

Wanabaraza, habari za jioni.

Kazi yangu ni mahindi. Nanunua, nakausha, nahifadhi na kuuza, hasa yale yanayoshuka kutoka Trans Nzoia na Bungoma. Huu ni mwaka wa kumi na nne. Kwa muda mrefu wa miaka hiyo, nilichokijua kilikaa kichwani mwangu na masikioni mwa wale waliosimama nami mlangoni pa ghala.

Mwaka juzi kulifanyika mkutano wa watu wa nafaka katika hoteli moja hapa mjini. Aliyepewa kipaza sauti kuzungumzia ukaushaji alikuwa kijana mwungwana, amesoma vizuri, lakini tulipokuwa tukinywa chai aliniambia mwenyewe kwamba hajawahi kushinda ghalani msimu hata mmoja. Simlaumu. Waandaaji walipotafuta mtu wa kuzungumzia mahindi, jina lake lilijitokeza, langu halikuwa popote. Kilichoniuma ni kwamba wakulima watatu waliuliza maswali yaliyojibiwa nusunusu, nami nimekaa mstari wa nyuma na majibu ninayo.

Usiku ule nikafungua LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi na biashara, ambayo nilikuwa nimejiunga nayo miaka mingi nyuma na kuiacha kama nyumba isiyo na mtu.

Watu wa mawasiliano huliita jambo hili "uongozi wa fikra". Jina hilo lilinitisha, nikadhani ni la maprofesa na wakurugenzi. Siku hizi nalielewa hivi: mtu akipatwa na tatizo la aina fulani, jina lako ndilo linalomjia kwanza, kwa sababu amekusoma mara kadhaa na ameona jinsi unavyolifikiria tatizo hilo. Basi.

Chapisho langu la kwanza lilikuwa bovu. Niliandika kwamba mafanikio ni safari na tusikate tamaa. Watu wa nyumbani wakabonyeza kupenda, mambo yakaishia hapo. Ukiliondoa jina langu ukaweka la mtu mwingine yeyote, halibadiliki hata neno moja. Nimeona watu wengi wenye akili na ujuzi wakianzia hapohapo, na wengi hawatoki.

Kilichonitoa ni daftari. Kwa juma moja niliandika kila swali nililoulizwa, kwa simu au langoni. Jumamosi nikahesabu: maswali ishirini na matatu, na matano kati yake yalikuwa swali moja kwa sauti tofauti: "Nitajuaje mahindi yamekauka kama sina mashine?"

Swali hilo nimelijibu kwa mdomo labda mara mia tano. Sikuwahi kuliandika.

Nikaliandika. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa ndani. Tia mahindi hadi theluthi, kisha vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funika, tikisa kwa dakika chache, iache itulie kama robo saa. Chumvi ikishika kuta za chupa, mahindi bado yana maji, maana chumvi imeyanyonya. Ikiteleza ikarudi chini bila kushika, yamepungua maji. Nikapiga picha chupa mbili juu ya gunia, moja imeshika ukungu wa chumvi na nyingine safi. Mwisho nikaandika: "Chumvi ikiteleza, funga gunia, weka ghalani."

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka kukaa kidogo hapa kwa sababu ndiyo sehemu inayowazuia wengi kuanza.

Kesho yake mama mmoja anayekagua nafaka katika kaunti nyingine aliandika chini ya chapisho, kwa heshima kabisa: kipimo cha chumvi kinakuonyesha tu kama unyevu uko juu ya asilimia 15 au la. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa kuwa asilimia 13.5. Ukifunga gunia kwenye 15, umefungia kuvu ndani.

Alikuwa sahihi, na mimi nilijua. Mashine ya ghalani kwetu nasoma 13.5 kila siku ya Mungu. Nilikuwa nimeandika kwa haraka. Na hili si kosa la kuchekea, kwa sababu mwaka 2004 watu 125 walikufa hapa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoingia sumukuvu, ile sumu inayotolewa na kuvu. Walikula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na maji.

Mikono ilinitetemeka, nikataka kufuta chapisho lote. Nikampigia mke wangu, akaniuliza, "Mkulima akikukosoa langoni, huwa unafunga lango?" Sikufuta. Nilihariri, nikaweka juu kabisa: "Nimesahihisha." Nikaeleza kosa langu, nikamshukuru yule mama, nikaongeza kwamba chumvi ikiteleza uendelee kuanika, kisha utafute mtu mwenye kipima unyevu kabla ya kufunga gunia. Tulijibizana pale chini, mimi na yeye na mtu wa kinu cha unga, mpaka mazungumzo yakawa marefu kuliko chapisho.

Mwezi uliofuata mnunuzi kutoka Nairobi alinipigia. Alisema alisoma komenti kwanza, chapisho akasoma baadaye. Bado tunafanya biashara naye.

Sasa mambo madogo ya kiufundi, nitapita haraka. Mstari ulio chini ya jina lako una nafasi ya herufi 220. Usiandike "mtaalamu mwenye maono". Mimi nimeandika kwamba nakausha na kuhifadhi mahindi ya Bonde la Ufa na Magharibi, na niko Nakuru. Chapisho moja halizidi herufi 3,000, na kwenye simu msomaji huona mistari michache tu ya mwanzo kabla hajabonyeza kuendelea, kwa hiyo salamu na utangulizi viache, anza na mahindi yenyewe. Tena, mwaka 2020 wahandisi wa LinkedIn wenyewe walieleza kwamba mfumo unaopanga nani aone nini huzingatia pia muda ambao msomaji hukaa kwenye chapisho, siyo vidole vya kupenda pekee. Kwa mtu wa kazi hiyo ni habari njema. Mtu anayesoma jinsi ya kupima mahindi yake anasoma polepole.

Na kabla ya kuandika lako, tumia majuma machache kuandika chini ya machapisho ya wengine. Si "hongera mkuu". Andika kitu ulichokiona: "Kwetu Bungoma tulijaribu hivyo msimu wa mvua, turubai likatoa jasho kwa chini." Hivyo ndivyo yule mkaguzi alivyonifahamu mimi, na mimi nikamfahamu yeye.

Ulizeni. Nitajibu ninachokijua.

BabaLanet

Nimesoma yote, ndugu, na kosa lako umelieleza kiume. Lakini niulize wazi. Wakulima wenyewe hawako huko. Wako WhatsApp, wanasikiliza redio. LinkedIn ni ya watu wa ofisi za Nairobi. Unamwandikia nani?

MlinziWaGhala

Mzee wangu, heshima yako. Umesema kweli, mkulima wa Kiminini simpati huko, na nikisema nampata nitakuwa nadanganya.

Walioko huko ni watu wanaoamua mambo ya mkulima akiwa hayupo. Ofisa wa benki anayekataa mkopo wa mashine ya kukaushia kwa sababu hajui kwamba mavuno ya Trans Nzoia yanaanza Oktoba na mvua bado ipo. Meneja wa mradi anayepanga kugawa magunia yasiyopitisha hewa bila kufundisha kwamba panya akitoboa tundu moja, hewa inaingia na fukusi, wale wadudu wa nafaka, wanaishi. Mnunuzi wa kinu. Hao nawaandikia, na naandika nikimfikiria mmoja wao kwa sura.

Kisha maneno hayohayo nayasoma kwa sauti na kuyatuma kwenye kikundi cha WhatsApp cha wakulima ninaonunua kwao. Kazi moja, inaliwa mara mbili.

MwalimuWaWebuye

Asante kwa uzi huu. Swali langu ni la lugha. Nafundisha fizikia, na nataka kuandika jinsi tunavyofanya majaribio ya maabara shule isipokuwa na vifaa. Kiswahili au Kiingereza? Naogopa nikiandika Kiswahili wataniona sijasoma.

MlinziWaGhala

Mwalimu, hofu hiyo nilikuwa nayo. Sasa natazama ni nani anapaswa kuelewa. Nikiwaandikia mabenki, Kiingereza. Nikiandika jambo ambalo dereva wa lori na msimamizi wa ghala wanalihitaji, Kiswahili, na huko ndiko nimepata majibu marefu zaidi, kwa sababu watu wanaeleza yao bila kujikaza. Ninachokikwepa ni kuchanganya lugha mbili katika sentensi moja. Wewe mwalimu unajua, mwanafunzi akielewa kwa nini balbu haikuwaka, hakuulizi ulieleza kwa lugha gani.

MuuguziKakamega

Kaka, mimi ni muuguzi. Kila siku nakutana na mambo ambayo watu wangefaidika kuyajua, lakini ni ya wagonjwa. Mwenzangu mmoja aliwahi kuweka picha ya wodi, mgonjwa akaonekana kwa nyuma, ikawa kesi kubwa kazini. Tangu siku hiyo naogopa hata kuanza.

MlinziWaGhala

Dada, hofu yako ni ya haki, usiipuuze. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Na kuficha jina hakutoshi. Ukiandika "mama wa watoto wanane, kijiji fulani, alikuja jana na ugonjwa fulani", kijiji kizima kimeshamjua. Picha za kazini acha kabisa, na mwulize mkuu wako kuhusu utaratibu wa kazini kabla hujaanza.

Lakini hebu nikuulize. Ni jambo gani unalieleza kila siku, kwa kila mtu, hata asiye mgonjwa wako?

MuuguziKakamega

"Mara tatu kwa siku." Karibu kila mtu anaelewa asubuhi, mchana na jioni, pamoja na chakula. Anameza saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa moja jioni, halafu usiku mzima hamna kitu mwilini. Kwa dawa kama amoksilini tunamaanisha kila baada ya saa nane. Huwa nawaandikia kwenye bahasha ya dawa: saa moja asubuhi, saa tisa alasiri, saa tano usiku. Nachora na jua na mwezi kwa wale wasiosoma.

MlinziWaGhala

Dada, nimesimama kusoma hii. Nina miaka arobaini na sita na hakuna aliyewahi kunieleza. Hapo hamna mgonjwa hata mmoja, kuna bahasha tu. Chora moja mpya nyumbani, bila jina la kituo wala la mtu, uipige picha. Hilo ni chapisho lako la kwanza, na atakayelisoma ni mtu anayepanga mafunzo ya wauguzi au anayebuni vibandiko vya dawa.

KijanaWaMilimani

Kwa nini usitumie tu akili unde (AI)? Unaiambia ikuandikie machapisho thelathini, mwezi umeisha.

MlinziWaGhala

Mdogo wangu, naitumia kukagua tahajia ya Kiingereza changu, na ni msaada mkubwa. Lakini haijaingiza mkono kwenye gunia lililopata moto. Mahindi yakianza kuharibika katikati ya rundo, ukizamisha mkono hadi kwenye kiwiko unakuta joto kama la mkate uliotoka kuokwa, na harufu kama ya pombe changa, wakati juu yanaonekana mazuri kabisa. Hiyo niliandika mwenyewe, na mtu wa bima ya nafaka akaniuliza maswali saba. Na hayo machapisho thelathini, nani atayajibu watu wakiuliza? Mimi naandika moja kwa juma, Jumanne jioni baada ya kufunga ghala, na Jumatano nzima najibu.

FundiWaJua_Kisumu

Mkubwa, mimi ni fundi wa sola hapa Kisumu, miaka tisa. Nina mambo mawili. La kwanza, nikimwaga ujuzi wangu wote huko, fundi mwingine ataubeba. La pili, nimejaribu kuandika, na hiki ndicho kilichotoka:

"Nishati ya jua ni muhimu kwa maendeleo endelevu ya jamii zetu. Tumejitolea kutoa huduma bora na za kuaminika kwa wateja wote. Wasiliana nasi leo."

MlinziWaGhala

Ndugu fundi, tuanze na la pili. Mara ya mwisho uliitwa na nani, na ulikuta nini? Nieleze kama unavyomweleza kijana wako wa kazi.

FundiWaJua_Kisumu

Jumatatu, huko Nyamasaria. Mama mmoja anauza samaki, ana taa na friji ndogo. Betri ya miezi kumi na minne, ile ya maji, inazima saa tatu usiku. Alishaambiwa na mtu anunue paneli ya pili. Nilipofungua vifuniko nikakuta maji yako chini kabisa, bamba za risasi zinaonekana juu zimekauka, nyeupe. Alikuwa akiongeza maji ya bomba. Akaniambia, "Si maji ni maji?" Maji ya bomba yana chumvichumvi zinazoharibu bamba. Yanatakiwa maji ya betri, yale yaliyotoneshwa, yanauzwa hata kwenye vituo vya petroli. Paneli yake ilikuwa nzima kabisa.

MlinziWaGhala

Hapo fundi. Umeshaandika. Toa jina la mtaa na kazi ya mama ili asijulikane, anza na betri inayozima saa tatu usiku, na swali lake "si maji ni maji?" liache kama lilivyo, maana ndilo kila mtu atakalojiona ndani yake.

Kuhusu kubebwa ujuzi: nami niliogopa hivyohivyo. Lakini nilipoandika mambo ya chumvi, mabroka wawili wa hapa waliyachukua na kuyasambaza kwa wakulima wao. Msimu uliofuata nilipokea mahindi makavu zaidi kutoka kwao. Atakayejua kwamba betri inataka maji maalumu bado atamhitaji mtu wa kupanda darini na kupima nyaya. Ila sasa atampigia aliyemwambia ukweli kwamba hahitaji paneli ya pili.

MuuguziKakamega

Fundi, hapo kwa paneli ya pili ndipo mimi ningekuamini. Umemwokolea mama wa watu pesa.

FundiWaJua_Kisumu

Nimekaa nayo tangu saa mbili. Iangalieni:

"Betri yako ya sola inazima saa tatu usiku? Kabla ya kununua paneli nyingine, fungua vifuniko vya betri.

Juma hili nilifungua moja ya miezi kumi na minne. Bamba zilikuwa zimekauka juu, na mwenyewe alikuwa akijaza maji ya bomba. Aliniuliza: si maji ni maji?

Kwa betri, hapana. Maji ya bomba na ya kisima yana madini yanayobaki ndani na kuharibu bamba. Tumia maji ya betri yaliyotoneshwa. Yafunike bamba, lakini usijaze hadi mdomoni. Vaa miwani na glavu, maana iliyomo ndani ni asidi, na usiwashe kiberiti karibu ili uone vizuri.

Kagua mara moja kwa mwezi. Kwa betri ile nimechelewa, imeshapoteza nguvu. Ya kwako huenda bado."

MwalimuWaWebuye

Hiyo ya kiberiti ni muhimu mno, fundi, betri ikichaji hutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto upesi. Kesho nitaisoma darasani, kidato cha tatu, ukiniruhusu.

FundiWaJua_Kisumu

Nimekuruhusu, mwalimu, na asante. Neno "hidrojeni" naliongeza.

MlinziWaGhala

Usibadilishe kingine. Ibandike kesho ukiwa na muda wa kukaa na kujibu, siyo ukiwa juu ya ngazi.

BabaLanet

Fundi, hebu nisaidie. Betri yangu ni ile iliyofungwa kabisa, haina vifuniko. Nayo siku hizi inanizimia mapema. Naangalia nini?

FundiWaJua_Kisumu

Mzee, hiyo usijaribu kuifungua. Una kipima volti? Pima asubuhi jua halijatoka, taa na kila kitu kikiwa kimezimwa tangu usiku. Kama ni ya volti 12, ikiwa imejaa na imepumzika husoma karibu 12.7. Ikiwa chini ya 12, imetumiwa kupita kiasi, au haijai mchana. Halafu uniambie paneli inaangalia upande gani na kama kuna mti uliokua ukaitia kivuli.

BabaLanet

Mti upo. Mparachichi. Nilipofunga sola ulikuwa haujafika kwenye paa.

FundiWaJua_Kisumu

Basi pima kwanza, mzee, usikate mti bado. Niandikie hapa namba utakayoiona, na saa ambayo kivuli kinaanza kufika kwenye paneli.

BabaLanet

Saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimeamka. Nitaandika.